Sweta ya Petrine

Kila mwaka, kuanzia tarehe mosi Mei mpaka mwisho wa Juni, Petrine alikuwa na nguo moja tu: sweta ya kahawia ya sufu nzito, viwiko vina viraka, na suruali ya kijivu ya marehemu mumewe aliyoikaza kiunoni kwa kamba. Hakuifua wala hakuibadilisha. Alikwenda nayo dukani, akaenda nayo kanisani, na mpwa wake alipofunga ndoa mwezi wa Mei, Petrine alikaa benchi la nyuma ndani ya sweta ile ile, ananuka mwani na mavi ya bata, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Sisi wa kijiji cha Nordvika tulijua sababu. Bata wa kisiwa cha Lyngholmen waliijua ile sweta. Mtu akija na nguo nyingine, kwao ni mgeni, na mgeni akitokea wanaruka na kuyaacha mayai.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Hilmar, nimevua samaki miaka arobaini na miwili, sasa nimestaafu, na kati ya nyumba yangu na yake kuna banda la mashua tu. Niseme mapema kwamba sikuwahi kuwapenda wale bata wa baharini. Wana kelele, wananuka, na kwa ajili yao kijiji kizima kiliishi miezi miwili ya kila mwaka kama nyumba yenye mgonjwa. Nguo hazikuanikwa upande wa bahari, hasa zikiwa nyekundu. Mbwa walifungwa. Hakuna aliyepaka nyumba yake rangi mpya. Hata tarehe kumi na saba Mei, siku ya taifa, wakati nchi nzima inapuliza matarumbeta barabarani, sisi tulikwenda kuyapuliza yetu nyuma ya kilima, tumejificha kama wezi.

"Petrine," nilimwambia mwaka mmoja, "hata mfalme akija huku hatumpi heshima hii."

"Mfalme ana pa kulala," akajibu. "Na wewe punguza sauti, farasi mzee we. Unanguruma kama meli iliyokwama."

Kisiwa chenyewe kiko mita mia tisa kutoka kwenye madirisha yetu. Ukiinjika kahawa utakizunguka chote kabla haijachemka, mradi magoti yako ni mazima. Kina nyasi, vitunda vyeusi vya kutambaa, mawe yaliyofunikwa na magamba ya kuvu ya rangi ya chungwa, na chini ya jabali la shakwe kuna mimea ya kvann inayomzidi mtu urefu kwa sababu ya mbolea ya ndege. Miti ipo pia, ila mti wetu haufiki kwenye kifundo cha mguu. Tangu nikiwa kijana Lyngholmen ni hifadhi. Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Julai hakuna mguu wa mtu unaoruhusiwa kukanyaga pale, isipokuwa mguu wa Petrine, kwa barua aliyoitunza ndani ya Biblia.

Walioandika barua ile waliijua kazi. Bata hawa hawaji Lyngholmen kwa sababu hakuna watu. Wanakuja kwa sababu yupo mtu mmoja. Tai, kunguru na shakwe wakubwa wanamwogopa binadamu, na bata walishajifunza, tangu enzi za bibi yake Petrine, kwamba mahali anapopita mwanamke mwenye sweta ya kahawia, adui hashuki. Naye Petrine, makinda wakishaingia baharini, anaokota manyoya laini yaliyobaki kwenye viota, anayasafisha majira yote ya baridi, na yanatosha mfarishi mmoja. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Sijaona aliyetajirika.

Vijumba vya bata kutagia vilikuwa hamsini na kitu, vya mawe na mbao zilizoletwa na mawimbi, kimojawapo nusu ya mashua iliyofunikwa kifudifudi. Kila kimoja kina jina: Kanisani, Ikulu, Kwa Posta, Kwa Mjane. Kila kimoja kina mlango mmoja, mwembamba, wa kumtosha bata. Na milango yote ilitazama kaskazini, upande wa pili, ikakipa kijiji kisogo. Mama yake Petrine, Olufine, ndiye aliyeigeuza, ili bata asibabaishwe na pirikapirika zetu.

Mwezi wa Aprili Petrine alianika mwani, akaukausha, akautandika ndani ya kila kijumba. Bata wakishaanza kuatamia, alikwenda kila siku, mlango kwa mlango. Tangu alipotiwa nyonga ya chuma mimi ndiye nilikuwa nampigia makasia, nikibaki ndani ya mashua kwenye kibandari cha upande ule wa kaskazini. Kutoka pale nilimwona. Alipiga magoti hatua chache kabla ya mlango, akasema, "Ni mimi tu," kwa sauti ya mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala, kisha akapenyeza mkono chini ya tumbo la bata kuangalia mayai. Bata hakusogea. Alimtazama tu, jicho moja, kama mke anayemtazama mumewe akirudi na samaki. Mimi nisiyewapenda bata nilikuwa nikigeuza uso pembeni, nisije nikaonekana.

Basi mwaka mmoja mafua ya ndege yakaingia pwani ya kaskazini. Kwenye mji mmoja mashariki mwetu shakwe walikuwa wanaanguka barabarani, watoto wanakatazwa kucheza nje. Tarehe kumi na nane Mei, bendera zikiwa hazijashushwa, Maiken wa ofisi ya hifadhi akaja kwa gari. Ni binti mzuri, mtaalamu wa ndege, aliyekuwa akija kwa Petrine kila mwaka kuhesabu viota na kula mikate ya kuokwa kwenye chuma yenye jibini ya kahawia. Nilikuwepo mezani, kama kawaida yangu panapokuwa na chakula.

"Petrine, nimekuja na habari mbaya," akasema.

"Kula kwanza. Habari mbaya haichachi."

Maiken hakula. "Visiwa vyote vya ndege vimefungwa. Kwa kila mtu."

"Sawa. Na mimi niende saa ngapi, asubuhi kama kawaida?"

"Na wewe pia, Petrine."

Petrine aliweka kikombe chini. "Bata thelathini na nane wameshalala kwenye mayai. Nimewatandikia mimi."

"Najua."

"Nipe glavu. Nipe barakoa. Nivalishe hata kapu kichwani."

"Niliomba yote hayo. Nimeandika barua mbili. Wanasema mtu anaweza kuubeba ugonjwa kwa viatu, kisiwa hadi kisiwa."

"Mimi nina kisiwa kimoja."

"Nimewaambia."

"Na mitego? Sijaitega bado. Minki akivuka je?"

Minki ni kicheche wa maji. Waliletwa zamani kufugwa kwa ajili ya ngozi, wakatoroka, na sasa wako pwani nzima. Urefu wake ni kama mkono wa mtu, anaogelea vizuri kuliko mimi, na anapita popote panapopita bata. Kila mwaka Petrine alitega masanduku manne ya mbao na kuyakagua kila siku.

"Sheria inataka mtego ukaguliwe kila siku," akasema Maiken. "Hakuna wa kukagua. Kwa hiyo hauwezi kutegwa."

"Nitakagua mimi."

"Wewe huruhusiwi kushuka."

"Maiken, mwanangu, unakisikia unachosema?"

"Nakisikia," akasema Maiken, na macho yalikuwa yameanza kujaa. "Nimekirudia ndani ya gari njia nzima. Kila nikikirudia kinatoka hivyo hivyo."

Alipoondoka, Petrine alinigeukia. "Hilmar. Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Hapana."

"Dakika kumi tu za makasia."

"Amri ni amri, Petrine. Na kama kweli utawapelekea ugonjwa? Utawaua kwa mkono wako mwenyewe, halafu utanilaumu mimi."

Niliyasema hayo na niliyaamini, kwa kiasi fulani. Kuna visiwa kusini kwetu ambako ndege walikufa kwa marundo mwaka ule, sheria haikutungwa na wapumbavu. Lakini nisijisafishe. Nilikuwa mwoga. Mimi ni mtu wa kulipa kodi siku ya kwanza na kuvaa jaketi la kuokolea hata nikiwa gatini. Jioni ile niliingia bandani, nikachukua makasia ya mashua yake, nikayaweka nyuma ya mlango wa jikoni kwangu. Nilimjua Petrine. Angejaribu peke yake, na ile nyonga ingemzamisha.

Asubuhi alikuja, akayaona pale nyuma ya mlango, akanitazama. Aligeuka akaenda zake, na kwa siku nne hakunisalimia.

Akahamia dirishani. Alikuwa na darubini ya miguu mitatu, ya mumewe, aliyekuwa rubani wa meli. Alikaa mbele yake kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka kahawa ya usiku, ambao huku kwetu mwezi wa Mei si usiku wowote, jua halizami. Alivaa sweta yake. Nilimuuliza anaivalia nini wakati haendi popote, siku alipoanza tena kunisemesha.

"Wakiniita niwe tayari," akasema.

Kupitia darubini ile uliona migongo ya vijumba, yaani ukuta wa nyuma wa kila kimoja. Wiki ya kwanza ilipita salama. Ilibaki kama wiki moja na nusu mayai yaanguliwe, na ninakiri nilianza kujisifu moyoni kwamba nilikuwa na akili.

Ijumaa ya kabla ya sikukuu ya Pentekoste, saa tisa alasiri, aliniita kwa kugonga kioo. Nikaenda. Alinisukuma kwenye darubini. Niliona ufuo, mwani, mawe. Halafu kitu cheusi, chembamba, kikapita juu ya jiwe kama kamba inayovutwa. Kikazunguka kijumba cha Kwa Posta, kuelekea upande wa mlango. Tukasubiri. Kilikaa huko muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha kikatokea, kikaenda moja kwa moja Kanisani, kikazunguka.

"Makasia," akasema Petrine.

"Tumpigie Maiken kwanza."

"Hilmar, makasia!"

"Dakika mbili tu, tumpigie."

Maiken alipokea palepale. Tulimsikia anavuta pumzi. "Msiende," akasema. "Nawaomba. Mkishuka bila kibali wataifuta barua ya Petrine moja kwa moja, na mwakani hakutakuwa na mlinzi kabisa. Nipeni mpaka kesho asubuhi. Yupo mtu wa mitego tayari. Kesho asubuhi nakuja mwenyewe na kibali."

Nikamtazama Petrine. Alikuwa amefumba macho.

"Kesho asubuhi," nikamwambia. "Ni masaa kumi na tano."

"Vijumba vingapi ni masaa kumi na tano?" akauliza.

Bahari ilikuwa shwari Ijumaa ile, mashua ya karatasi ingevuka. Nimeikumbuka bahari ile kila siku tangu hapo.

Jumamosi Maiken hakuja. Aliyepaswa kusaini kibali alikuwa ameshaondoka kwenda nyumba yake ya mapumziko milimani, kusiko na mtandao, na aliye chini yake hakuwa na mamlaka, na aliye juu yake hakupokea simu. Jumatatu ya Pentekoste nayo ni sikukuu. Maiken alinieleza hayo huku analia. Na hata kama angekuja, alfajiri ile upepo wa kaskazini mashariki ulishafika, mawimbi yanapanda juu ya gati, hakuna mashua ambayo ingetoka. Sasa nilikuwa tayari kuvunja sheria zote za ufalme, na sikuweza.

Minki upepo haumsumbui. Tulimwona. Anatokea, anazunguka kijumba kinachofuata, anapotea, anatokea. Bata walioatamia nje, kwenye nyasi, walimwona wakaruka wakaokoka. Wale wa ndani hawakuruka. Walisikia kitu mlangoni, na maisha yao yote kitu cha mlangoni kilikuwa ni Petrine.

Petrine ndiye aliyepata wazo. Alisimama ghafla, akavuta kitambaa chekundu cha meza, vikombe vikamwagika, akatoka nacho mbio, mbio za nyonga ya chuma, akakifunga kwenye kamba ya kuanikia upande wa bahari. Akarudi akachukua mapazia. Mimi nilidhani akili imemruka.

"Watishe!" akanipigia kelele. "Waruke! Mayai yaende, wao wabaki! Leta kila kitu cha rangi!"

Nikaelewa. Nikakimbia nyumba kwa nyumba. Ndani ya nusu saa Nordvika yote ilikuwa ufukoni, watu wazima wenye akili zao, wananing'iniza mashuka, mablanketi ya watoto, jezi za mpira, nguo za kuteleza kwenye theluji. Mchungaji alileta joho lake jekundu la Pentekoste, akalifunga kwenye mlingoti kwa mikono yake. Mbwa wakafunguliwa. Kikundi cha matarumbeta kilisimama gatini kikapuliza wimbo wa taifa kuelekea kisiwani, mashavu yamevimba, maji ya bahari yanawapiga usoni. Kwa miaka sabini tulinyamaza, na siku hiyo tulipiga kelele zetu zote kwa mara moja. Kama isingekuwa hivyo ilivyokuwa, ningecheka mpaka nidondoke.

Hakuna bata aliyeruka. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, sauti zote zikarudishwa nyuma ya migongo yetu. Na rangi zile, nani azione?

Petrine alikuwa amesimama katikati ya mashuka yanayopigapiga. "Milango," akasema. "Mama aliigeuza milango."

Upepo ulilichukua joho la mchungaji likaenda zake juu ya mapaa. Mmoja mmoja watu walikusanya vitu vyao wakarudi majumbani. Petrine hakurudi dirishani Jumapili, wala Jumatatu. Alikaa jikoni, amekipa kisiwa mgongo, mikono juu ya meza, na mimi nilikaa naye, na hakuna lililokuwapo la kufanya. Nilimwomba radhi. Alisema, "Kunywa kahawa yako."

Jumanne bahari ilitulia na kibali kikafika. Maiken alikuja na mtu wa mitego na begi la magwanda meupe ya plastiki, ya kufunika mwili mzima mpaka kichwa, pamoja na barakoa na miwani mikubwa. Hata mimi wa kubaki mashuani nilipewa langu.

Petrine alilishika gwanda kwa vidole viwili. "Nivae hili?"

"Ndiyo sharti, Petrine."

"Nilivae chini ya sweta, basi. Sweta ije juu."

"Sweta ndani, gwanda juu. Nimeshasaini."

"Hawatanijua."

"Petrine," akasema Maiken taratibu, "ni hivi au huendi."

Akavaa. Tulifunga zipu, tukamfunika kofia juu ya mvi zake, tukamvalisha ile miwani. Alikuwa mdogo ndani yake kama mtoto aliyevalishwa nguo za kaka yake.

Kwenye kibandari nilibaki na mashua, na milango yote ikawa mbele ya macho yangu. Walianzia Kwa Posta. Petrine aliinama, akaingiza mkono, akatoa bata aliyeng'atwa nyuma ya shingo, amelala vilevile alivyokuwa akiatamia. Akaenda Kanisani. Akaenda Ikulu. Minki haui kwa njaa peke yake, akishaanza hajui kuacha. Mlango kwa mlango Petrine alitoa bata akamlaza nje juu ya vitunda vyeusi, na Maiken akaandika, na mtu wa mitego akatega masanduku yake.

Safu ya mwisho, karibu na mimea ya kvann, minki alikuwa hajaifikia. Maiken alinyoosha vidole sita juu kunionyesha. Sita wazima, na mayai yao yamebakiza siku chache. Niliona mabega ya Petrine yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipiga magoti mahali pake pa siku zote, hatua chache kabla ya mlango wa Kwa Mjane.

"Ni mimi tu," akasema.

Barakoa iliimeza sauti. Kutoka mashuani nilisikia mngurumo tu, na bata naye nadhani alisikia huo huo. Kichwa kikainuka mlangoni. Alichokiona ni kitu cheupe kisicho na uso. Akalipuka kutoka ndani, akayachafua mayai kwa uoga kama wafanyavyo, akaruka juu ya kichwa cha Petrine kuelekea baharini. Na kelele yake ikamwamsha wa pili, na wa tatu, na wote sita wakaondoka mmoja baada ya mwingine kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kusimulia.

"Ni mimi!" Petrine alikuwa amesimama. Aling'oa barakoa, akaitupa miwani, akaivuta zipu mpaka ikakatika, akalishusha gwanda mpaka kiunoni. Akabaki pale ameikunjua sweta kwa mikono miwili kuelekea angani, anawaonyesha. "Ni mimi tu, jamani, ni mimi!"

Maiken hakumkataza. Shakwe walikuwa wameshaanza kushuka. Petrine na Maiken walifunika mayai kwa manyoya, wakasubiri mbali saa mbili, bata hawakurudi. Tulipokuwa tunaondoka, sikutazama nyuma, lakini nilisikia shakwe wanagombana.

Minki alinaswa siku ya pili. Alikuwa jike, maziwa yanamtoka.

"Naye alikuwa na wake," akasema Petrine nilipomweleza. Mwezi wa Juni majibu ya vipimo yakarudi pia: hakuna bata hata mmoja wa Lyngholmen aliyekuwa na mafua.

Septemba aliniomba nimvushe. Nilibeba mbao, yeye alibeba nyundo na mfuko wa misumari. Tulikwenda kijumba kwa kijumba, tukaziba milango yote.

"Si tungebomoa tu?" nilimuuliza, maana mgongo ulikuwa unaniuma.

"Mawe ya bibi haya. Yananishinda. Pigilia."

Aprili iliyofuata Maiken alikuja mwenyewe kuleta barua mpya, anakimbia toka kwenye gari kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Visiwa vimefunguliwa. Mlinzi wa Lyngholmen ameandikwa kwa jina, na safari hii hawezi kufungiwa nje.

Petrine aliisoma mpaka mwisho, akaikunja. "Ahsante, mwanangu. Nina miaka sabini na tisa. Mwaka huu nitakwenda. Na mwaka nitakaolazwa? Mwaka nitakaokufa? Siku nisipofika, wao watakuwa ndani wananisubiri."

"Tutamtafuta mtu mwingine. Tutamfundisha."

"Wao ndio waliofundishwa vibaya," akasema Petrine. "Tuliwafundisha kwamba anayekuja mlangoni ni rafiki. Huwezi kumfundisha kiumbe kitu kama hicho halafu ukaondoka."

Bata walirudi wiki ya kwanza ya Mei, wachache, wale waliookoka kwenye nyasi na wale sita labda. Nilitazama kwa darubini yake kwa sababu yeye alikataa. Waliingia toka baharini wakitembea kwa uzito, wakapanda mpaka kwenye vijumba, wakazunguka upande wa milango, wakapotea machoni. Halafu wakatokea upande huu. Wakazunguka tena. Mmoja alizunguka Kwa Mjane siku mbili nzima. Siku ya tatu sikumwona.

Tarehe kumi Mei niliamka, nikatoka na kikombe changu, nikaona kitu kwenye kamba ya Petrine. Ile ya upande wa bahari. Sweta ya kahawia, imefuliwa, inachuruzika maji, mikono inaning'inia. Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi amevaa gauni la maua nisiloliona tangu mumewe afe.

"Petrine, umesahau? Ni Mei hii."

"Sijasahau."

"Bata wataiona."

"Ndiyo," akasema. "Waione haina mtu ndani, wasinisubiri."

Nikakaa karibu naye kwenye ngazi, na tukakaa hapo mpaka ilipokauka.